UZI: Nchi ikivamiwa, msaada wa washirika unapimwaje? Hesabu za Ukraine, kuanzia risasi za mizinga hadi transfoma

Mkaguzi wa Bohari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kila wiki tunasoma kwamba nchi fulani "imetangaza msaada" kwa Ukraine, kisha watu wanagombana kama ni mwingi au mdogo kwa kutazama dola. Naomba tuuweke kando mjadala wa dola, tuzungumze kama watu wa bohari. Kilichotangazwa kilifika lini? Kilifika kikiwa kamili? Na mwezi uliofuata kilifika tena?

Msimamo wangu ni huu: mshirika anayetoa kiasi cha wastani kila mwezi bila kukosa anamfaa aliyevamiwa kuliko anayetoa kingi kwa mpigo kisha akanyamaza nusu mwaka. Kamanda wa brigedi hupanga ulinzi kwa kile anachojua kitakuwa ghalani wiki ijayo. Asipokuwa na uhakika, anabana matumizi leo, na anapobana, adui anasogea.

Nianze na mizinga, maana ndiyo iliyobeba uzito wa vita hivi miaka miwili ya mwanzo. Ukraine ilirithi mizinga ya Kisovieti ya milimita 152 na 122. Uvamizi mkubwa wa Urusi ulianza Februari 24, 2022, na kufikia katikati ya mwaka akiba ya risasi hizo ilikuwa inakauka. Washirika wakaleta mizinga ya milimita 155: M777 za Marekani, Canada na Australia, Caesar ya Ufaransa, Panzerhaubitze 2000 za Ujerumani na Uholanzi, Krab ya Poland, AS-90 ya Uingereza, Zuzana ya Slovakia, Archer ya Sweden. Kwenye karatasi zote ni 155. Kwa fundi ni mashine tofauti kabisa: injini mbalimbali, mafuta ya haidroliki mbalimbali, kompyuta mbalimbali za kulenga, na kipuri cha huu hakiingii kwenye ule.

Risasi yenyewe nayo si kitu kimoja. Kuna ganda lenye baruti ya kulipuka (kilo 43 hadi 47 kwa aina za kawaida), kuna fyuzi inayofungwa kwenye ncha, kuna baruti ya kusukuma inayoingizwa nyuma ya ganda, na kuna kiwashio. Kikikosekana kimoja, vilivyobaki ni mzigo wa kulinda tu. Kwa hiyo nchi ikitangaza "maganda 50,000", swali la kwanza ni fyuzi ngapi na baruti ya kusukuma kiasi gani.

Piga hesabu ya usafiri. Ukijumlisha ganda, baruti, fyuzi na paleti, risasi moja kamili inakaribia kilo 60 au zaidi. Lori la tani 10 linabeba kama 150. Ukitaka kurusha 5,000 kwa siku unahitaji malori 33 kila siku kufika karibu na mstari wa mbele, usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwenye barabara zinazovinjariwa na droni. Malori, madereva, matairi na dizeli havitajwi kwenye matangazo, lakini bila hivyo risasi zinabaki mpakani.

Halafu mtutu. Mtutu wa M777 unakadiriwa kudumu risasi kama 2,500. Ukirusha 100 kwa siku umeumaliza ndani ya mwezi. Ukiendelea kuutumia ukiwa umechakaa, risasi zinaanza kutawanyika, unatumia kumi kupiga kilichotosha tatu. Wajerumani wenyewe walihesabu risasi 100 kwa siku kuwa matumizi makali kwa Panzerhaubitze 2000, na majira ya joto ya 2022 mizinga hiyo ilianza kuonyesha hitilafu mapema. Kituo cha matengenezo kikafunguliwa Michalovce, Slovakia. Ni hatua nzuri, ila mzinga ulioharibika Donbas, mashariki mwa Ukraine, unasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Baadaye ikaonekana wazi kwamba vipuri na karakana vinapaswa kuwa ndani ya Ukraine, na fundi aliye mahandakini aongee kwa video na mtaalamu aliye Poland. Hilo lingepangwa siku ile ile mzinga wa kwanza ulipotolewa, wiki nyingi zingeokolewa.

Msomaji Kimya

Asante mkuu, nimeelewa vizuri. Swali: kama fedha ipo, kwa nini wasinunue tu? Umoja wa Ulaya si uliahidi risasi milioni moja?

Mkaguzi wa Bohari

Uliahidi Machi 2023, zifike ndani ya miezi 12. Ilipofika Machi 2024 zilikuwa zimefika kama nusu. Fedha haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa viwandani.

Kwa miaka 30 Ulaya ilinunua risasi za mazoezi tu, na mwenye kiwanda hajengi laini mpya kwa tamko la waziri. Anataka mkataba wa miaka mitano hadi kumi, wenye malipo ya awali. Nchi nyingi zilisaini mikataba midogo, moja moja, kila mmoja akisubiri mwenzake. Pili, malighafi. TNT kwa wingi katika nchi za NATO barani Ulaya ilikuwa inatoka kiwanda kimoja, Nitro-Chem cha Bydgoszcz, Poland. Baruti ya kusukuma inahitaji nitroselulosi, na nitroselulosi inatokana na nyuzi fupi za pamba, ambazo Ulaya ilikuwa ikinunua kwa kiasi kikubwa kutoka China. Unaweza kuwa na mashine ya kufua maganda 10,000 ikakaa bure kwa kukosa cha kuyajaza.

Marekani ilikuwa inatengeneza kama 14,000 kwa mwezi mwanzoni mwa 2022. Ilichukua zaidi ya miaka miwili kufika kama 40,000. Huo ndio muda halisi wa kiwanda, na hauharakishwi kwa hotuba.

Kilichookoa 2024 ni njia nyingine. Februari mwaka huo, mjini Munich, Rais Petr Pavel wa Czech alisema nchi yake imetafuta kimyakimya na kupata risasi 800,000 nje ya Ulaya: 500,000 za milimita 155 na 300,000 za 122. Wacheki wanalijua soko la silaha za zamani, wauzaji wasiotaka kutajwa waliwaamini, na nchi nyingine zikaleta fedha. Wakati huo Ukraine ilikuwa inarusha zisizozidi 2,000 kwa siku, na Urusi angalau mara tatu ya hapo. Kwa hiyo mshirika mwenye fungu la haraka afanye mambo mawili siku moja: anunue kilichopo sokoni leo, na asaini mkataba mrefu wa kiwanda kwa ajili ya miaka miwili ijayo. Akifanya moja tu, kuna pengo, na pengo hilo hulipwa kwa watu.

Bi Kibali

Naomba kuongeza jambo ambalo wengi wanalipita: karatasi. Silaha nyingi huuzwa kwa sharti kwamba mnunuzi haruhusiwi kumpa mwingine bila idhini ya nchi iliyoitengeneza. Sharti hilo lina maana yake wakati wa amani, lakini vita vikianza linageuka kufuli.

Ujerumani ilitoa Gepard, gari la deraya lenye mizinga miwili ya milimita 35, zuri mno kwa kutungua droni. Kila mzinga unatema risasi 550 kwa dakika. Risasi zake zilikuwa za Uswisi, na Uswisi ikakataa zisipelekwe kwenye vita kwa sababu ya sheria yake ya kutoegemea upande. Gepard zikawa zinahesabu risasi. Ufumbuzi ulikuwa kujenga laini mpya ya uzalishaji Unterlüß, Ujerumani, na risasi za kwanza zilifika Septemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Gepard zenyewe.

Vifaru vya Leopard 2 vya Ujerumani navyo vilikuwa katika majeshi mengi ya Ulaya, lakini hakuna aliyeweza kutoa hata kimoja mpaka Berlin iidhinishe. Idhini ilitoka Januari 25, 2023. Miezi yote ya kabla ya hapo Urusi ilikuwa inachimba mahandaki na kutega mabomu kusini, Zaporizhzhia.

Cha kufanya, kwa anayehusika na sera: wiki ya kwanza kabisa, keti na orodha ya kila silaha inayoweza kutolewa, na kando yake andika nani mwenye idhini ya mzinga, ya risasi, ya injini na ya kamera za usiku. Mara nyingi ni nchi nne tofauti kwa gari moja. Omba idhini zote kwa pamoja, kabla hujaamua kama utatoa au hutatoa.

Na kuna kibali cha namna ya kutumia. Mei 10, 2024 Urusi iliingia upya mkoa wa Kharkiv. Vikosi vilikuwa vimekusanyika ng'ambo ya mpaka, vikionekana, lakini Ukraine haikuruhusiwa kuvipiga kwa silaha za Marekani ndani ya ardhi ya Urusi. Ruhusa ya sehemu ilitoka mwishoni mwa mwezi huo, wakati mji wa Vovchansk, karibu na mpaka, tayari unaungua. Mtu anayeweka sharti la aina hiyo anapaswa kujua kwamba amempa mvamizi uwanja salama wa kujipanga.

Mlinda Anga

Bi Kibali amegusa Gepard, niendelee hapo hapo kwa sababu ulinzi wa anga ndipo hesabu zinapouma zaidi.

Kuna tabaka. Droni za Shahed, zinazojilipua zikifika shabaha, zinaruka polepole, zinakadiriwa kugharimu dola 20,000 hadi 50,000 kila moja. Makombora ya cruise yanaruka chini na yanakwepa. Makombora ya balistiki yanashuka kwa kasi kubwa mno, na katika vyote walivyopewa Ukraine, ni mifumo ya Patriot ya Marekani na SAMP/T ya Ufaransa na Italia ndiyo inayoweza kuyazuia. Kombora moja la PAC-3 MSE la Patriot ni kama dola milioni 4. Ukilitumia kwa Shahed umefilisika kabla ya adui.

Hivyo chini kabisa unaweka magari madogo yenye bunduki nzito za mashine, taa za kumulika na kamera za joto, pamoja na Gepard na, siku hizi, droni za kutungua droni. Katikati unaweka IRIS-T ya Ujerumani (ya kwanza ilifika Oktoba 2022) na NASAMS ya Norway na Marekani (Novemba 2022). Juu kabisa Patriot, na hiyo unaitunzia balistiki.

Betri ya Patriot ni rada, kituo cha kudhibiti, jenereta na vyombo vya kurushia. Tuseme vyombo sita, kila kimoja na makombora 12 ya MSE: jumla 72. Kawaida unarusha mawili kwa shabaha moja, kwa hiyo ni shabaha 36. Usiku miwili mitatu mikali inaweza kumaliza shehena yote hiyo, na kiwanda cha Marekani kilikuwa kinatengeneza kama 500 kwa mwaka mzima mwaka 2024, kwa ajili ya wateja wote duniani. Ndiyo maana kuitangazia Ukraine betri bila kutaja ratiba ya makombora ni kuitangazia nusu ya msaada. Bora nchi ikubali kusogea nyuma kwenye foleni yake ya ununuzi na kumwachia aliyeko vitani nafasi hiyo. Haigharimu kiwanda kipya, inagharimu subira ya nchi iliyo salama.

Mafunzo ya Patriot yalifanyika haraka kuliko ilivyodhaniwa. Kundi la kwanza la Waukraine 65 lilipelekwa Fort Sill, Oklahoma, Januari 2023, likamaliza Machi, kama wiki kumi. Walichaguliwa watu waliokwisha kufanya kazi na mifumo ya Kisovieti, wakijua rada na nidhamu ya kurusha. Ukichagua mwanafunzi sahihi unakata muda kwa nusu.

Msomaji Kimya

Mnaongea silaha tu. Nchi si inahitaji pia kulipa walimu?

Dada wa Hazina

Swali zuri sana, na kwa kweli ndilo lililokaribia kuiangusha Ukraine mwaka 2022 bila kifaru kuingia Kyiv.

Mgawanyo ulivyo ni huu: kodi za ndani za Ukraine karibu zote zinakwenda jeshini, kwa sababu wafadhili wengi hawaruhusu fedha ya bajeti kulipa askari au kununua silaha. Fedha za nje ndizo zinazolipa pensheni, walimu, madaktari, watu waliohama makwao. Fedha ya nje ikichelewa mwezi mmoja, serikali inachagua kati ya kutolipa pensheni na kuchapisha noti. Mwaka 2022 fedha zilikuja kwa vipindi visivyotabirika, na benki kuu ikalazimika kununua hati fungani za serikali za hryvnia (sarafu ya Ukraine) bilioni 400 hivi. Huko ni kuchapisha. Julai 21, 2022 hryvnia ikashushwa thamani kwa asilimia 25, hadi 36.57 kwa dola. Mfumuko wa bei ni kodi anayotozwa maskini wa nchi iliyovamiwa kwa uzembe wa marafiki zake.

Baadaye walijifunza. Umoja wa Ulaya uliweka mfuko wa euro bilioni 50 kwa miaka minne, 2024 hadi 2027: bilioni 33 mikopo, bilioni 17 ruzuku, ukilipwa kila robo mwaka kwa masharti ya mageuzi yaliyoandikwa mapema. Waziri wa fedha anaweza kupanga. Marekani ilipitisha sehemu kubwa ya msaada wake wa bajeti kupitia Benki ya Dunia, kwa kurejesha matumizi yaliyokwisha kuhakikiwa. Hiyo inazuia wizi, na wanaosema fedha ile ilimwagwa tu hawajasoma utaratibu.

Kisha zile mali za benki kuu ya Urusi, kama dola bilioni 300, zilizozuiliwa tangu 2022, nyingi zikiwa Euroclear, kampuni ya kutunza hati za fedha iliyoko Ubelgiji. Juni 2024 nchi za G7 zilikubaliana kuikopesha Ukraine dola bilioni 50, na deni lilipwe kwa faida inayozalishwa na mali hizo. Mtaji wenyewe haukuguswa. Naona ni haki mvamizi aanze kulipa, na faida peke yake ni ndogo kuliko uharibifu.

Tena, Denmark ilionyesha njia ambayo ningependa kila mshirika aifuate. Badala ya kumaliza maghala yake tu, ililipa viwanda vya Ukraine vyenyewe. Ununuzi wa kwanza mwaka 2024 ulikuwa mizinga 18 ya Bohdana, ya milimita 155, inayobebwa na lori. Viwanda vya Ukraine vilikuwa na uwezo uliokaa bure kwa kukosa mteja mwenye fedha. Mzinga unatengenezwa karibu na vita, vipuri viko pale pale, mshahara unabaki nchini, na kodi inarudi hazina ile ile.

Nyuma ya Mstari

Nampinga kidogo Mkaguzi. Unasema kidogo kila mwezi. Lakini 2023 tatizo lilikuwa hilo hilo la kutoa kwa vijiko! Vifaru vilikuja aina tatu nne, idadi ndogo ndogo, Abrams 31 zikafika Septemba wakati mashambulizi ya kusini yalishaanza Juni. Kuna vitu lazima vije kwa pamoja.

Leopard 2 ina tani 55 hadi 60 na zaidi. Kifaru cha T-72 ni tani 40 na kitu. Madaraja mengi ya vijijini yalijengwa kwa uzito wa T-72. Ukituma Leopard bila magari ya daraja na bila magari ya kuvuta vifaru vilivyokwama, umetuma shabaha. Karibu na kijiji cha Robotyne, Zaporizhzhia, brigedi zilikuta mabomu ya ardhini kwa kina cha kilomita nyingi, helikopta za Urusi zinarusha kutoka mbali, na magari ya kufungua njia hayatoshi. Gari la kwanza la kufagia likipigwa, safu nzima inasimama.

Mkaguzi wa Bohari

Ndugu, umenirekebisha vizuri na nakubali. Nitenganishe: vinavyoliwa kila siku (risasi, makombora ya kutungua, droni, mafuta, dawa) vije kwa mtiririko. Vinavyounda kikosi (vifaru, magari ya daraja, ya kuvuta, ya kufagia mabomu, mafundi wake na vipuri vya miezi mitatu) vije kama kifurushi kimoja, tarehe moja, na mafunzo yawe yamekwisha siku vinapofika.

Kuhusu mafunzo, Uingereza ilianza Juni 2022 kuwafundisha askari wapya kwa wiki chache, baadaye zikawa tano, na hadi mwisho wa 2024 walipita zaidi ya 50,000. Huduma ya kwanza, kulenga, kuchimba handaki: vizuri kabisa. Kasoro ilikuwa droni. Sheria za anga za wakati wa amani zilibana uwanja wa mazoezi, na mkufunzi ambaye hajawahi kuwindwa na droni hafundishi kujificha inavyotakiwa. Dawa yake ni wakufunzi wa Kiukraine waliotoka vitani kuketi darasani pamoja nao. Pia, jeshi jipya lisiundwe kutoka sifuri wakati brigedi zenye uzoefu zinapungukiwa watu. Brigedi ya 155 ya Ukraine, iliyofunzwa sehemu yake Ufaransa mwaka 2024, ilikumbwa na utoro mkubwa. Ilipewa vifaa vizuri, ila kilichokosekana zaidi ni maafisa na masajenti waliozoeana na vijana wao.

Muuguzi wa Zamu

Kwa wanaochangisha vifaa vya tiba, tafadhali zingatieni hili. Mikanda ya kukaza kuzuia damu imejaa bandia sokoni. Bandia unaitambua kijiti chake kinapopinda au kukatika ukikaza kwa nguvu. Chombo kibovu ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu mtu anakiamini. Nunueni kwa mtengenezaji au wakala wake, hata kama mtapata 200 badala ya 1,000.

Mkanda unafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo, unakazwa hadi damu ikome na mapigo ya chini yake yasisikike, saa inaandikwa. Mafunzo ya Marekani na Uingereza yalidhani majeruhi atafika hospitali ndani ya saa moja. Ukraine, kwa sababu ya droni, majeruhi anaweza kukaa handakini saa nyingi, hata siku. Mkanda uliozidi saa mbili unaanza kuua misuli. Ukizidi sita, haufunguliwi nje ya hospitali, na mara nyingi mguu unakatwa. Viungo vingi vilipotea kwa majeraha ambayo yangezuiwa kwa bandeji ya kushindilia. Kwa hiyo msaada wa kweli ni mikanda pamoja na mafunzo ya kuikagua kabla ya saa mbili na kubadili kwenda bandeji, pamoja na magari ya deraya ya kubebea majeruhi, na damu iliyo tayari kutumika karibu na mstari.

Fundi Stima

Nguvu za umeme. Tangu Oktoba 10, 2022 Urusi inalenga gridi kwa mpangilio, na inalenga transfoma kubwa kwa sababu hazipatikani dukani. Gridi ya Ukraine ina msongo wa kilovolti 750 na 330, wa Kisovieti. Ulaya Magharibi inatumia 400 na 220. Kwa hiyo transfoma nyingi za akiba za Ulaya haziingii popote pale. Zilizofaa zilitoka kwa jirani wenye mfumo ule ule, kama Lithuania iliyotoa za kilovolti 330.

Transfoma ya ukubwa huo inafika tani 200. Kabla ya kusafiri unatoa mafuta, unavua nguzo za kauri, unajaza hewa kavu ndani ili unyevu usiingie kwenye karatasi ya kuhami, unaipakia kwenye behewa maalumu, unakagua kila daraja njiani. Ikifika unaikausha, unarudisha mafuta yaliyosafishwa, unapima. Wiki kadhaa. Kuagiza mpya ni mwaka na zaidi.

Usisahau reli. Poland inatumia milimita 1,435, Ukraine 1,520. Mzigo wote unahamishwa mpakani au behewa linabadilishwa magurudumu. Waliowahi kuona Kidatu, mahali TAZARA ya 1,067 inakutana na reli ya mita moja, wanaelewa foleni inavyoundwa hata kukiwa na amani.

Kilichosaidia sana na hakikutangazwa kwa mbwembwe ni kuunganisha gridi ya Ukraine na ya Ulaya Machi 16, 2022, wiki tatu baada ya uvamizi. Uwezo wa kuagiza umeme uliongezwa hatua kwa hatua, kutoka megawati 1,700 hadi 2,100 Desemba 2024. Na kuta: mifuko ya mawe kuzuia vipande, kisha zege juu ya transfoma kuzuia droni. Zege inatengenezwa nchini kwa saruji ya nchini, inataka fedha tu.

Mwana Kyaka

Wakuu, nimesoma yote. Sisi wa huku tuna la kusema. Oktoba 1978 Amin aliingia Kagera na kutangaza kwamba ardhi hadi mto ni yake. OAU haikumlaani, ilihimiza usuluhishi kana kwamba pande mbili zilikosana sokoni. Msumbiji ilileta kikosi. Libya ilimpelekea Amin askari na silaha. Tanzania ilikusanya malori na mabasi ya mashirika na watu binafsi, ikalipa karibu kila kitu yenyewe, na uchumi ukabeba kovu miaka mingi baadaye. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, ilibidi jeshi litafute njia ya kuvusha vitu vizito kwanza.

Ndiyo maana kura ya Umoja wa Mataifa ya Machi 2, 2022 iliniuma. Nchi 141 ziliitaka Urusi iondoke. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zilikuwemo. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia kupiga kura. Nchi iliyowahi kuvamiwa inajua usuluhishi bila mvamizi kuondoka una maana gani.

Dada wa Hazina

Na ni kweli tunahusika hata kwa tumbo. Mpango wa nafaka wa Bahari Nyeusi, Julai 2022 hadi Julai 2023, ulitoa karibu tani milioni 33 kupitia bandari za Ukraine. Urusi ilipojitoa, Ukraine ilijifungulia njia yake kando ya pwani za Romania na Bulgaria, baada ya kuzisukuma manowari za Urusi mbali kwa droni za majini na makombora. Wanaonunua ngano Mombasa na Dar es Salaam walifaidika na silaha hizo.

Kijana wa Goma

Shikamooni. Mnaongea Ukraine, lakini sisi tuliona washirika wakija na kuondoka. SADC ilituma kikosi Desemba 2023, Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Januari 2025 mji ukaanguka. Walikosea wapi, kwa hesabu zenu?

Mkaguzi wa Bohari

Marahaba. Poleni sana na yaliyowapata.

Nikitazama kwa jicho la bohari, mambo matatu yanaonekana. Kikosi kilipelekwa kwa jukumu la kushambulia, lakini hakikuwa na ndege za kukikinga wala helikopta za kutosha za kubeba majeruhi. Upande wa pili ulikuwa na vifaa vya kuvuruga mawasiliano na silaha za kutungua. Pili, njia ya ugavi ilikuwa moja: uwanja wa ndege wa Goma. Ulipofungwa, risasi, chakula na majeruhi vilikwama kambini mara moja. Tatu, idadi iliyopangwa kwenye makaratasi na iliyofika ardhini hazikulingana, na bajeti ilitegemea michango ambayo ratiba yake haikuwa na uhakika.

Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema jeshi la Rwanda lilikuwa pamoja na waasi wa M23 walioutwaa mji, na Rwanda inakanusha. Azimio 2773 la Baraza la Usalama, Februari 21, 2025, liliitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe majeshi yake. Machi SADC ikaamua kuondoa kikosi. Uwanja wa Goma ulikuwa bado umefungwa, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Aprili askari na magari yao walitoka kwa barabara, wakipita ndani ya Rwanda, hadi Chato upande wa Tanzania.